Mbwa Mmoja na Chombo cha Kilomita 4,800

Los Angeles inateketea. Magari yamekwama ndani ya handaki, watu wanatoka mbio, na nyuma yao ukuta wa moto unakuja ukiyarusha magari kama makopo. Jasmine, mama kijana anayechezwa na Vivica A. Fox, amemshika mwanawe mkono. Anauona mlango mdogo wa chuma ubavuni mwa handaki, anaupiga teke mpaka unafunguka, wanajitupa ndani. Kisha anageuka na kumwita mbwa. Boomer anakimbia juu ya magari, moto uko mkiani, anaruka na kuingia mlangoni wakati uleule ndimi za moto zinapita. Hapo ukumbi mzima unapiga makofi.

Dakika chache kabla ya hapo wamekufa watu wasiohesabika. Empire State Building imepasuka kutoka juu hadi chini, Ikulu ya Marekani imesambaratika, na kundi la watu waliopanda juu ya jengo refu la Los Angeles wakiwa na mabango ya kuwakaribisha wageni kutoka angani ndio wamekuwa wa kwanza kugeuzwa majivu. Watu walikodoa macho tu. Pumzi ya kweli, ile ya kushika mkono wa jirani, waliiweka akiba kwa ajili ya mbwa.

Nimeirudia filamu hii, Independence Day ya mwaka 1996, mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na sijawahi kuiona na watu wakanyamaza pale kwa Boomer. Ndiyo maana mwendelezo wake wa mwaka 2016, Independence Day: Resurgence, ulinipa kazi ya kufikiri. Mwongozaji ni yuleyule, Roland Emmerich. Maadui ni walewale. Jeff Goldblum, Bill Pullman, Judd Hirsch, Brent Spiner na Vivica Fox wamerudi. Fedha ziliongezwa zaidi ya mara mbili, kutoka dola milioni 75 hadi milioni 165. Chombo cha maadui, ambacho mara ya kwanza kilikuwa na upana wa kilomita zaidi ya 550, safari hii kina kipenyo cha maili 3,000, kilomita 4,800 hivi, kiasi cha kulalia bahari nzima ya Atlantiki. Kila kitu kimekuwa kikubwa, ila makofi.

Nianze na fedha, halafu niachane nazo. Filamu ya kwanza iliingiza dola milioni 817 duniani kote. Ndiyo iliyoongoza kwa mapato mwaka ule, na katika historia yote ya sinema hadi wakati huo ni Jurassic Park pekee iliyokuwa mbele yake. Ukizipima dola hizo kwa thamani ya mwaka 2016 unapata zaidi ya bilioni 1.2. Ya pili iliishia milioni 389. Mtu akisoma haraka atasema, milioni 389 ukitoa 165 si faida hiyo? Hapana. Kumbi za sinema hubaki na karibu nusu ya tiketi, na Uchina studio ya nje hupata robo tu. Gharama za kuitangaza filamu hazihesabiwi ndani ya ile bajeti. Ukishatoa hayo yote, kinachobaki ni kidogo mno kwa mradi wa ukubwa ule. Nchini Marekani yenyewe ilianguka vibaya zaidi: milioni 306 mara ya kwanza, milioni 103 mara ya pili. Wikiendi ya ufunguzi ilipigwa na Finding Dory, katuni ya samaki iliyokuwa tayari kwenye wiki yake ya pili.

Sasa, kwa nini?

Jibu la mtaani ni jepesi: walimuua steringi. Will Smith hakurudi, mwaka huohuo akaonekana kwenye Suicide Squad, na rubani wake Steven Hiller akaelezwa kuwa alikufa akijaribu ndege mpya katikati ya ile miaka 20. Amebaki picha ukutani. Steringi hafi, ndivyo tulivyolelewa na sinema, sembuse kufa nje ya picha, bila hata vita. Emmerich mwenyewe alikuja kukiri hadharani kwamba Smith alipojitoa, hadithi nyingine ililazimika kuungwaungwa harakaharaka, na kwamba alipaswa kuuacha mradi palepale. Siwezi kubishana naye kuhusu filamu yake. Lakini jibu hilo halinitoshi. Kwenye handaki Will Smith hayupo. Kwenye hotuba ya Rais, yaani Pullman, kwa marubani kabla ya vita, hayupo. Sehemu mbili kati ya zile zinazopigiwa makofi zaidi katika filamu ya kwanza zinakwenda bila yeye.

Jibu la pili husema watu walikuwa wamechoka na wageni kutoka angani. Nalo halisimami. The Avengers ya mwaka 2012 inamalizika kwa jeshi la viumbe wa angani kushuka New York, na ilivuna zaidi ya dola bilioni 1.5. Hakuna aliyelalamika kwamba viumbe wamezidi.

La tatu ndilo wapenzi wa sinema za zamani wanalolipenda: kwamba zamani walijenga vitu, siku hizi ni kompyuta tupu. Hapa kuna ukweli wa kupendeza, na niruhusiwe kukaa nao kidogo. Ule ukuta wa moto unaokimbia kati ya majengo haukuchorwa. Mafundi walijenga mtaa mdogo wa mfano, wakausimamisha wima kama ngazi, wakaweka kamera juu ikitazama chini, kisha wakalipua moto kutoka chini. Kwa kuwa moto kwa asili yake hupanda, ulipanda kupitia mtaa ule ukiyameza magari madogo na majengo madogo. Picha ikilazwa, unaona moto unakimbia barabarani kukufuata. Ikulu nayo ilikuwa jengo la mfano lililolipuliwa kwelikweli mbele ya kamera zinazopiga picha kwa kasi kubwa kuliko kawaida, ili ikionyeshwa kwa mwendo wa kawaida vifusi vidogo vianguke polepole, vionekane vizito. Filamu ilipata Tuzo ya Oscar ya madoido ya picha, na ilistahili.

Lakini mafundi wa 2016 hawakuwa wazembe. Chombo kile kinavyotua, kinavyovuta majengo ya Asia angani kwa nguvu ya uvutano wake na kuyamwaga juu ya London, ni kazi iliyofanywa na watu wanaoijua kazi yao. Tatizo la kompyuta lingekuwa kweli, War of the Worlds ya Steven Spielberg ya mwaka 2005 nayo isingemtisha mtu, maana imejaa kazi za kompyuta. Kinachobaki kichwani ukitoka pale ni nini? Mimi kilichonibakia ni Tom Cruise akirudi nyumbani baada ya shambulio la kwanza, kimya, vumbi jeupe kichwani na usoni. Anajitazama kwenye kioo. Ndipo wewe mtazamaji unatambua, na yeye anatambua, kwamba lile vumbi ni watu. Anaanza kujikung'uta kama mwenda wazimu. Hakuna chombo kwenye picha. Kuna uso na kioo.

Nadhani kisa chote kiko hapo, kwenye uso.

Rudi kwenye filamu ya kwanza uone inavyoanza. Tupo Mwezini. Nyayo za wanaanga wa 1969 bado ziko kwenye vumbi, kibao chao kinasema walikuja kwa amani. Kivuli kinapita. Vumbi linatetemeka, nyayo zinafutika. Bado hatujaona chombo chochote. Baadaye vyombo vinapofika juu ya miji, kila chombo kina upana wa kilomita 24 hivi, filamu inatuonyesha kwanza watu wakisimama barabarani na kuangalia juu. Hiller anatoka nje asubuhi kuchukua gazeti. Analifungua, anasoma. Anashangaa majirani wanapakia mizigo kwenye magari kwa haraka. Anawaangalia wao. Kisha ndipo anainua macho. Mwenzangu, sisi tulishajua kuna kitu angani, lakini tulimsubiri yeye aone. Mchezo huo unarudiwa kwa Rais, kwa wachuuzi, kwa madereva wa teksi, kwa kila mtu, na karibu theluthi ya filamu ya dakika 145 inapita kabla mji wowote haujaguswa. Filamu imegawanywa kwa siku tatu, tarehe 2, 3 na 4 Julai, na siku ya kwanza karibu yote ni watu wakiangalia juu na kuulizana.

Mtazamaji haijui hofu ya kuvamiwa kutoka angani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvamiwa hivyo. Kwa hiyo anafanya anachofanya mtoto mdogo anapoanguka: anamwangalia mama usoni kwanza, aone kama jambo hili ni la kulia. Uso ukitoa hofu, naye anaogopa. Uso ukitoa utani, naye anatulia na kuendelea kula bisi zake.

Sasa nenda 2016. Dunia ya filamu ya pili imeungana kwa miaka 20. Imechukua teknolojia ya maadui, ina ndege mpya, ina kituo cha ulinzi Mwezini. Watu wake wamekuwa wakiusubiri uvamizi huu maisha yao yote. Kama wazo, ni zuri, na mwandishi wa riwaya angelipenda. Kama sinema, limewaondoa watu wote waliokuwa wakiangalia juu midomo wazi. Nyuso tulizobakiwa nazo ni za wanajeshi waliofunzwa. Chombo kinapotokea, David, yaani Goldblum, anatoa kauli maarufu iliyotumika hata kwenye trela: hiki hakika ni kikubwa kuliko cha mara iliyopita. Watu wanacheka, na kicheko hicho ndicho kinachoua. Ametuambia tulinganishe vipimo, nasi tunalinganisha. Kikubwa, ndiyo. Halafu?

Mfano mkali zaidi ni Jasmine mwenyewe. Yule mama aliyepiga teke mlango wa handaki sasa ni kiongozi hospitalini. Hospitali inabomoka, anajitahidi kumwokoa mgonjwa mwenye mtoto, na mwanawe Dylan, aliyekuwa mtoto wa kushikwa mkono na sasa ni rubani wa kivita, anaona jengo likianguka na mama yake. Kwenye karatasi ni tukio la kukupasua moyo. Niliangalia na mpwa wangu wa miaka 17, ambaye jana yake nilikuwa nimemwonyesha filamu ya kwanza.

"Huyo si yule wa mbwa?" akauliza.

"Ndiye."

"Kumbe yupo!" Na hapohapo akafa.

Mpwa wangu hana moyo mgumu. Jana yake aliruka kwenye kochi Boomer alipopenya mlangoni. Ila Jasmine wa mwaka 2016 alipewa muda mfupi mno mbele yetu, hatukukaa naye asubuhi yoyote, hatukumwona akingoja kitu. Mbwa wa 1996 alikuwa na dakika nyingi zaidi kuliko yeye.

Mpwa huyohuyo aliicheka sana ile sehemu ya virusi. Walioiona watakumbuka: David anaingia kwenye chombo mama cha maadui akiwa na laptopu na kuwapachikia virusi vya kompyuta. "Mjomba, waliunga na Wi-Fi ipi?" Mzaha huo una umri sawa na filamu yenyewe. Kuna kipande kilichokatwa kwenye toleo la kumbi za sinema na kurudishwa baadaye ambacho kinajaribu kueleza kidogo David alivyoielewa mitambo ya wale viumbe, lakini hakimzuii mtu kucheka. Hata hivyo tazama wazo lilivyopikwa. David amekata tamaa, amelewa, amekaa sakafuni. Baba yake, mzee Julius, hana neno kubwa la kumpa. Anamwambia ainuke kwenye sakafu ya baridi asije akapata mafua. David anamtazama baba yake, na uso wake unabadilika. Mafua. Virusi. Wenye kumbukumbu watakumbuka kwamba wavamizi wa H. G. Wells, kwenye riwaya ya mwaka 1898, nao waliuawa na vijidudu. Hapa vijidudu vimehamia kwenye kompyuta. Mtazamaji anacheka laptopu na bado anaipokea, kwa sababu wazo lilitoka kwa mzee aliyekuwa na wasiwasi na mwanawe. Amesamehe hesabu kwa ajili ya baba.

Ndivyo ilivyo pia kwa Russell Casse, rubani mlevi wa ndege ya kunyunyizia dawa mashambani, anayechezwa na Randy Quaid. Awali walimpiga picha akija vitani na ndege yake hiyo chakavu, kombora limefungwa ubavuni. Kichekesho kizuri. Wakakipiga upya, safari hii yuko ndani ya ndege ya kivita, ana picha ya watoto wake mbele yake, anaomba kwa redio waambiwe kuwa anawapenda, na kijana wake mkubwa yuko chumba cha mawasiliano akisikiliza. Waliongeza kitu gani? Fursa ya kuaga, na uso wa mtoto anayeagwa.

Swali linalonisumbua ni kwa nini watu waliotengeneza haya yote kwa mikono yao wenyewe hawakuyaona miaka 20 baadaye. Nina dhana moja. Januari 1996, wakati wa Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, lilirushwa tangazo fupi la filamu, na ndani yake Ikulu inalipuka. Picha hiyo moja ikawa gumzo. Kwenye kumbi za sinema trela ilipofika pale kuna walioshangilia. (Mwaka 2001 ulipofika na minara ya New York ikaanguka kweli, ushangiliaji wa namna hiyo ukawa mgumu kidogo, na kila mwongozaji wa filamu za aina hii amelazimika kulifikiria.) Tangazo lile lilijaza kumbi, zaidi ya dola milioni 100 katika wiki ya kwanza. Studio ikajifunza kwamba watu hununua tiketi kwa ajili ya jengo linaloanguka. Ni kweli kabisa. Ila picha inayomleta mtu mlangoni na picha anayotoka nayo ni mbili tofauti, na kwenye vitabu vya hesabu inaonekana ya kwanza tu. Wakati wa kuandaa mwendelezo, kilichoongezwa ni majengo.

Kuna jambo moja la kuwatetea. Nje ya Marekani, ambako watu wamekuwa wakiguna siku zote kwamba dunia nzima inaokolewa na Wamarekani na kwamba tarehe 4 Julai, siku ya uhuru wa Marekani, inageuzwa sikukuu ya binadamu wote, filamu hizi ndiko zilikolindwa. Ya kwanza ilipata zaidi ya asilimia 60 ya mapato yake huko, ya pili zaidi ya asilimia 70. Tunaguna huku tumekaa kwenye viti tulivyolipia. Hata ile hotuba ya Rais, ambayo kisa chake ni cha kuchekesha kwa kuwa jina la filamu lilikuwa mali ya studio nyingine na maneno "Independence Day" yalitiwa mle kwa nguvu ili kushinikiza jina lipatikane, huwasimamisha watu nywele mahali ambako sikukuu hiyo haina maana yoyote. Pullman anaisema kwa sauti iliyochoka, mbele ya marubani wa kuokotezwa, alfajiri, akiwa mjane wa usiku uleule. Kamera inazunguka kwa wasikilizaji zaidi ya kwake.

Mwaka uleule wa 2016, miezi michache baadaye, ilitoka Arrival ya Denis Villeneuve, kwa dola milioni 47 tu. Vyombo 12 vinatua duniani. Amy Adams ni mwalimu wa isimu chuoni. Anaingia darasani, wanafunzi ni wachache. Simu zinalia moja baada ya nyingine. Mwanafunzi anamwomba awashe televisheni. Anaiwasha, na kamera haituonyeshi televisheni. Inabaki kwake. Tunasikia mtangazaji, tunaona macho yake. Ilivuna zaidi ya dola milioni 200, mara nne ya bajeti yake, na ikateuliwa kuwania Oscar nane. Sidai kwamba ni filamu za aina moja. Ile ya Adams haina vita vya kuzungumzia. Ila pale darasani Emmerich wa 1996 angejiona.

Resurgence inamalizika kwa mlango wazi. Adui ameshindwa, binadamu wamepata mshirika mpya kutoka anga za mbali, na daktari Okun (Spiner), mwanasayansi wa filamu ya kwanza aliyelala usingizi wa mahututi kwa miaka 20 na ambaye kuamka kwake ni moja ya mambo machache matamu katika filamu nzima, anatangaza kwa furaha kwamba sasa ni zamu yetu kuwafuata maadui kwao. Filamu ya tatu haijatengenezwa hadi leo. Maneno hayo ya Okun yalipokuwa yakitoka, mpwa wangu alikuwa ameshasimama anatafuta chaja ya simu.